Kidole Changu Kwenye Mtihani wa Kayombo

Tulimzika Kayombo mwanzo wa kiangazi hiki. Kwenye kilio, vijana wawili walikaa karibu na ukuta, simu mkononi, kila mmoja na kitu cheupe sikioni. Wazee walinung'unika kwamba wanacheza mbele ya marehemu. Nikasogea nikawauliza. Hawakuwa wanacheza. Walikuwa wanamalizia somo la usalama la mtandaoni, nalo lilikuwa linafungwa jioni ile ile. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Tata Kazadi, we na Tata Kayombo mulijifunza kazi namna gani, bila bitu kama hibi?"

Nikamjibu, "Tulijifunza na bitu kama hibi pia. Na mi nilijifunza mubaya."

Akangoja niendelee, lakini pale hapakuwa mahali pake. Ninaendelea hapa, kwa ajili yenu mnaosomea kwenye simu, wa viwandani na hata wa machimboni ambao jioni mnafuta vumbi ili kioo kiwake. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo msitafute maneno makubwa. Nitasema yaliyotokea.

Nilifanya kazi ya pampu miaka thelathini na minne. Kumi na mmoja ya mwisho nilikuwa shefu wa timu ya watu saba, kwenye kiwanda kinachoosha upya mabaki ya zamani ya shaba, nje kidogo ya Kolwezi, kwetu Kongo. Mabaki yale yakichanganywa na maji huwa uji mzito wenye mchanga, na uji ule unakula chuma kama mchwa anavyokula mlango. Hakuna juma tuliloacha kufungua pampu.

Kazi hiyo nilifundishwa na mzee mmoja asiyependa kusema. Miezi minne ya kwanza kazi yangu ilikuwa kushika taa. Ukiuliza swali, alikuwa anakutazama mpaka swali lenyewe linaona haya. Siku moja aliniacha nifunge mwenyewe kamba ya kuzibia shafti. Niliikaza mpaka tone la mwisho likakauka, nikasimama pembeni nikijivuna. Mzee akavuta kopo, akalikalia kando ya pampu. Baada ya muda nikasikia harufu, kisha nikaona moshi. Yale matone ndiyo yanayoipoza shafti. Pampu isiyodondosha kitu inaungua. Hakunieleza hata neno moja, akanipa tu spana niilegeze ile kamba. Sijasahau mpaka leo. Sisi tulijifunza hivyo, kwa macho, pua na aibu, nyuma ya mgongo wa mkubwa.

Kayombo naye alijifunza hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa upande wa Dilolo, alinizidi miaka miwili ingawa mimi ndiye shefu, na hakukosa hata asubuhi moja kunisalimu kwa kupiga makofi taratibu, kama kwao. Kusoma Kifaransa kulimshinda. Kusikiliza pampu, hapana. Aliweka bisibisi kwenye chuma, mpini wake sikioni, akakuambia beringi ipi itakufa na siku gani.

Alikuwa na jambo moja la kuchekesha. Kila tulipofika kwenye pampu na mimi nikasema, "Imezimwa, tuingie," yeye alijibu, "Shefu, dakika mbili, nakwenda kukojoa." Miaka na miaka. Vijana walimwita Tata Kibofu, yaani Mzee wa Kibofu, naye aliitika.

Kisha yakaja masomo ya mtandaoni.

Tuliwekewa chumba chenye tableti kumi na mbili na kioo kikubwa ukutani. Siku ya kwanza alitokea kwenye kioo mwalimu kutoka ng'ambo, mtu mwema, mwenye jasho. Alieleza saa nzima. Mwisho akauliza kama kuna maswali. Tukanyamaza. Akafikiri mtandao umekatika.

"Mnanisikia?"

"Oui, monsieur!" sote kwa pamoja.

"Mmeelewa?"

"Oui, monsieur!"

Hatukuwa tumeelewa hata nusu. Lakini mtu ametoka jasho kwa ajili yako saa nzima, utamwambiaje kwamba amejichosha bure? Baadaye niliambiwa kwamba kwao mwanafunzi asiyeuliza ndiye anayemtukana mwalimu. Basi sisi tulimheshimu, naye akaenda akidhani tumemdharau.

Siku ya pili ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Mwanamke alisema kwenye tableti, "Bonjour," na Kayombo akasimama, akapiga makofi, akajibu. Yule mwanamke akaendelea kusema bila kumjali. Kayombo akaketi.

"Huyu mama hakulelewa," akasema.

"Tata, ni machine," kijana mmoja akamwambia.

"Hata kama. Yeye njo alianza kusalimia."

Tulicheka siku ile. Kicheko kiliisha tuliposomewa barua. Kila mfanyakazi lazima afaulu mtihani wa kufunga mashine kabla ya kuitengeneza. Unaruhusiwa mara tatu. Ukianguka mara ya tatu, beji yako inafungwa getini. Kwa vijana ilikuwa shida tu. Kwa Kayombo, aliyebakiza mwaka mmoja na miezi michache kufika kwenye pensheni, ilikuwa kutoka kazini kabla ya wakati, bila sherehe wala cheti, kwa mlango wa nyuma.

Kwa asiyejua kazi hii, nieleze. Kabla ya kutia mkono ndani ya pampu, unakwenda kwenye chumba cha swichi, unakata umeme wa pampu ile, unatia kufuli, ufunguo unakaa mfukoni. Zamani shefu peke yake alifanya hivyo, akarudi akasema "imezimwa", na neno lake lilitosha. Somo jipya, kama nilivyolielewa baadaye, lilitaka kila mtu atie kufuli lake, kisha mtu arudi kwenye pampu abonyeze kitufe cha kijani cha kuwasha. Ikinyamaza, ingia. Ikinguruma, mshukuru Mungu kwamba mkono wako ulikuwa bado nje. Na msidanganywe na umeme uliokatika wenyewe. Laini ya umeme kutoka bwawa la Nzilo ikirudi haibishi hodi.

Ofisi iliruhusu asiyejua kusoma asomewe. Nikasema nitamsomea Kayombo mwenyewe, maana shefu hamwachi mtu wake. Niliketi kando yake, nikageuza kila swali kwa Kiswahili chetu, yeye akasema jibu, mimi nikabonyeza. Tulikwenda vizuri mpaka swali moja lenye alama nyekundu. Maswali mekundu yalikuwa matatu, na ukikosa moja tu umeanguka, hata mengine yote yawe sawa.

Swali lilisema: shefu wako anakuambia mashine imezimwa, unafanya nini? La kwanza: naanza kazi, kwa sababu shefu amethibitisha. La pili: namuuliza shefu mara nyingine. La tatu: najaribu mwenyewe kuiwasha kabla ya kuigusa.

Kayombo hakufikiri hata kidogo. "Ya tatu."

Nilimtazama. Nikasema moyoni, mzee huyu atajiharibia. Kujaribu mashine baada ya shefu kusema, mbele ya watu, ni kumwita shefu mwongo. Nani ataandika mtihani wa kufundisha utovu wa adabu? Swali hili ni mtego, wanataka kuona kama unatii. Nikabonyeza la kwanza. Nilidhani ninamwokoa.

Kioo kikaandika kwamba ameanguka. Hakikusema kwa nini.

Baada ya siku kumi tukarudia. Tulipofika kwenye swali lile sauti yake ilikuwa imepungua. "Ya tatu... ao siyo?" Nikabonyeza la kwanza tena. Akauliza, "Ulibonyeza?" Nikasema, "Nilibonyeza." Sikusema uongo. Sikusema kweli pia. Akaanguka mara ya pili.

Wenzetu watano wote walikuwa wamefaulu, maana walijibonyezea wenyewe. Mimi mtihani wangu wa mashefu ulikuwa mwingine, nao niliupita. Sikuwauliza vijana wale walijibu nini kwenye swali lile. Shefu atamuulizaje kijana wake?

Tulipotoka chumbani Kayombo alitembea polepole mpaka kwenye kivuli cha tangi. "Shefu," akasema, "kichwa yangu inaisha. Baba yangu ilimuanza hivi hivi. Anasema kitu, anazania ni ya kweli, kumbe siyo."

Nilimwambia asiseme hivyo. Sikumwambia jambo pekee ambalo lingemsaidia, kwa sababu nilikuwa bado naamini jibu langu ni sahihi na kwamba makosa yake yako kwenye maswali mengine.

Chumba cha tableti kilisimamiwa na binti mmoja aitwaye Kapinga, rika la kitinda mimba wangu. Baba yake, kama wangu, alizaliwa na watu walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, na tulisali parokia moja. Yeye aliweza kuona kwenye kompyuta yake kila mtu amekosa swali gani. Alikuwa pia ameketi meza ya nyuma, akasikia Kayombo akisema "ya tatu" mara zote mbili. Alijua kila kitu. Lakini angeniambiaje?

Juma la mtihani wa tatu aliniita. "Papa Kazadi, niko na zoezi mupya hapa. Munaweza kunisaidia kujaribu kama inatembea muzuri? Mi nakwenda kutafuta maji ya kunywa."

Akafunga mlango. Nikaketi. Zoezi lilikuwa na swali moja tu, lile lile. Nikabonyeza la kwanza. Kioo kikawa chekundu: si sahihi. Nikakohoa, ingawa hapakuwa na mtu. Nikabonyeza la pili. Chekundu. Nikabonyeza la tatu. Kijani, na chini yake maelezo mafupi: hata mtu mwaminifu anaweza kufunga swichi isiyo ya mashine ile.

Kwa majuma mengi nililalamika kwamba mashine ile haisalimu, haijui mkubwa wala mdogo, inamsahihisha mzee kama mtoto wa chekechea. Siku ile niliishukuru kwa sababu hiyo hiyo. Haina umri, wala ukoo, wala parokia. Kapinga angeniambia kwa mdomo wake, ningetetea jibu langu mpaka jua lizame, na angeniomba msamaha yeye. Mbele ya mashine sikuwa na la kujitetea.

Kapinga alichelewa sana kurudi. Binti anayetumia muda wote ule kwa chupa moja ya maji, amelelewa vizuri.

"Inatembea?" akauliza.

"Inatembea, mwanangu," nikasema. "Na mi sasa niko na kazi."

Jumamosi mchana nilikwenda nyumbani kwa Kayombo, mtaa wa Manika. Alikuwa uani anatengeneza kiti. Mkewe, Mama Béatrice, alikuwa jikoni anasonga bukari, ugali wetu, na samaki wa Nzilo wakinukia mpaka barabarani. Nilikataa kiti. Nilijua nikiketi nitaanza na habari za hali ya hewa.

"Tata Kayombo, ile mitihani mbili, siyo we njo ulianguka."

"Nani sasa?"

"Mi. Ulisema ya tatu. Mi nilibonyeza ya kwanza."

Aliweka nyundo chini. "Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Mama Béatrice alitoka na mwiko mkononi, bukari ikidondoka. "Kazadi! Huyu mutu hakulala mwezi muzima! Kila usiku ananihesabia majina ya batoto, na ya batoto ya batoto, aone kama anakumbuka. Mpaka mi njo nasahau sasa!"

"Ngoja, mama," Kayombo akasema. Alinitazama kama anavyotazama pampu. "Kumbe kichwa yangu iko muzima?"

"Iko muzima."

Akashusha pumzi ndefu, mabega yake yakashuka nayo. Nilitegemea matusi. Niliyastahili. Yeye akauliza tu, "Na we, juu ya nini ulibonyeza ya kwanza?"

"Nilizania kujaribu machine kisha shefu amesema ni kumutukana."

"Njo maana watu hawajaribu mbele yake," akasema. "Shefu, miaka yote ile, unazania nilikuwa nakwenda kukojoa?"

"Kukojoa?" Mama Béatrice akadakia. "Huyu? Kabla ya hiyo mitihani yenu alikuwa analala mpaka asubuhi kama jiwe, haamuki hata mara moja!"

Sasa niliketi, bila kukaribishwa. Chumba cha swichi kilikuwa njia moja na choo.

"Nilikuwa napita pale," Kayombo akasema, "naangalia namba, navuta kufuli yako, narudi. Hivi hukusikia aibu, na mi sikukufa."

"Na ulikuta siku moja..."

Alichukua nyundo, akaigeuza. "Mara moja tu."

"Nilikuwa nimefunga nini?"

"Ya jirani. Yetu ilikuwa bado na moto wa umeme. Nilikata, nikatia kufuli ya kabati yangu, nikarudi. Tukafanya kazi."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia namna gani, mbele ya bale batoto?"

Nilipewa bukari siku ile, nikaifinyanga tu mkononi. Niliwaza mikono saba ndani ya pampu ile, na neno langu "imezimwa" likiwa juu yake kama kofia. Mama Béatrice alinihurumia mwishowe, akaniongezea samaki.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa mafunzo nikamweleza yote, bila kumtaja Kapinga. Nilipewa barua ya onyo, na sikuruhusiwa tena kumsomea mtu. Lakini matokeo mawili ya Kayombo hayakufutwa. Kwenye mfumo yalikuwa ni majibu yake. Bado alikuwa na mara moja tu. Akianguka, hata kwa kukosea mwenyewe, beji inafungwa, na mzigo ni wangu.

Siku ile ile tulikuwa na pampu ya kufungua. Nilikata umeme, nikarudi, nikasema mbele ya timu yote, "Imezimwa. Kayombo, ijaribu."

Vijana wakatazamana. Kayombo akaniuliza kwa macho kama nina hakika. Kisha akakaribia kitufe cha kijani, akapiga makofi mawili kwanza, taratibu, kama anayesimama uani kwa watu, ndipo akabonyeza. Pampu ikanyamaza.

"Hakuna mutu ndani," akasema. "Muingie."

Nitawaambia kweli. Kidole chake kilipogusa kitufe, uso wangu uliwaka kama nimepigwa kofi. Kisha pampu iliponyamaza nikasikia wepesi ambao sikuujua tangu nipewe ushefu. Kumbe nilikuwa nimebeba roho za watu sita peke yangu, kwa neno la mdomo, na kumbe kuna mtu angeweza kunipokea mzigo mchana kweupe, bila kusingizia choo. Tangu siku ile hatukuingia pampu yoyote bila makofi yale. Vijana waliyapenda. Mwalimu wa ng'ambo alipoyaona kwenye video alicheka, akauliza maana yake, na kwa mara ya kwanza darasa letu lilimjibu kwa maneno mengi.

Alhamisi Kayombo aliingia chumbani kwa mtihani wa tatu. Kapinga alimsomea. Kubonyeza, alibonyeza mwenyewe. Mimi nilikuwa nje kwenye saruji, na vijana watano waliokuja wakisingizia kutafuta glavu. Kupitia dirishani nilimwona akiinua kidole, akikishikilia hewani, akikishusha. Kuna swali moja alikaa nalo muda mrefu mpaka nikasimama, nikaketi, nikasimama.

Ninyi mkiwa na mtihani wenu, bonyezeni wenyewe. Mtu akitaka kubonyeza kwa niaba yako, hata kwa mapenzi, hasa kwa mapenzi, msogeze mkono wake. Mwalimu akiuliza kama umeelewa na hujaelewa, mwambie hapana. Hatakufa. Na kama una la kumsahihisha mkubwa, mtafutie chumba kitupu na uende ukatafute maji. Usinyamaze tu kama Kayombo alivyonyamaza siku ile ya swichi. Alikuwa mtu mwema kuliko mimi, na wema wake ulikaribia kutuficha kosa lililoweza kutuua.

Mlango ukafunguliwa. Kapinga alitoka kwanza, akitazama chini, na sikuweza kusoma uso wake. Kayombo akafuata. Hakunitazama. Alitoa simu yake ndogo, akampigia mkewe, akaweka sauti kubwa kwa sababu masikio yake yalikuwa yameliwa na pampu.

"Allô? Basemaje?" Mama Béatrice akauliza.

"Basema kichwa iko muzima."

"Kichwa ya nani?"

"Yangu. Ya shefu bado banaangalia."

Vijana walilipuka. Kapinga alijifunika mdomo kwa karatasi ya matokeo, na kwenye karatasi niliona kijani tupu. Mama Béatrice alikuwa akipiga vigelegele kwenye simu ile mbovu, sauti ikikatika na kurudi, na Kayombo ameishika mbali na sikio ili sote tusikie. Nikacheka nao. Sikuwa nimecheka tangu mtihani wa kwanza.